Nyakakika: Familia inapandaje, inashukaje?

Anayetoka Bukoba kwenda Karagwe huacha barabara ya Mutukula pale Kyaka, jirani na Mto Kagera na lile daraja ambalo majeshi ya Idi Amin yaliliharibu mwaka 1978. Kutoka hapo lami inapanda kuelekea Bugene, mwendo wa karibu kilomita 60. Vilima vinafuatana, ubaridi unaongezeka, na nyasi ndefu zinapokezana na migomba hadi Kayanga, makao makuu ya wilaya. Kutoka Kayanga bado kuna safari ya kwenda katika kata za ndani, na mojawapo ni Nyakakika.

Huku nyumba haionekani mpaka ufike karibu, kwa sababu imezungukwa na kibanja. Migomba iko juu, mibuni chini yake, na maharage yamejaza nafasi iliyobaki. Samadi ya ng'ombe au mbuzi hurudi shambani, na mabua hutandazwa kuhifadhi unyevu. Kwa mpita njia vibanja vyote vinafanana. Lakini akitazama vizuri ataona nyumba ya matofali ya kuchoma yenye bati jipya, na hatua chache mbele nyumba ya udongo iliyoinama, ambayo migomba yake imekonda na mibuni yake imezeeka.

Mvua ni ileile na udongo ni uleule. Huenda babu zao walikata pori msimu mmoja. Kwa nini basi nyumba moja ilipanda na nyingine ikashuka?

Swali hili huulizwa kila mahali, na mara nyingi hujibiwa haraka: huyu mvivu, yule mchawi, huyu ana bahati, yule ana laana ya ukoo. Mkoa wa Kagera una bahati ya kuwa na majibu bora zaidi ya hayo, maana familia zake zimefuatiliwa kwa karibu miaka 20.

Hata wafalme walishuka

Karagwe haikuanza kuwa nchi ya kahawa. Utajiri wa zamani ulikuwa ng'ombe. Ikulu ya wafalme wa Karagwe ilikuwa Bweranyange, na mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke alifika huko akitafuta chanzo cha Mto Nile, akapokewa na Mfalme Rumanyika. Habari alizoandika ni za nchi yenye mifugo, maziwa na heshima.

Miaka 30 baadaye mambo yalikuwa yamegeuka. Katika miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, na ndui ikaua watu. Ufalme ulioegemea mifugo ukadhoofika vibaya. Nyumba zilizohesabu ng'ombe kwa mamia zikabaki na fimbo za kuchungia.

Somo la kwanza la nchi hii liko hapo. Aliye juu leo hajapewa hati ya kukaa juu milele, na anayesimama kwa mguu mmoja, hata uwe na nguvu namna gani, huanguka mguu huo ukivunjika.

Mguu mmoja wa kahawa

Baada ya ng'ombe ikaja kahawa. Kwa vizazi viwili au vitatu, mibuni ndiyo iliyojenga nyumba, iliyolipa mahari na iliyosomesha watoto Kagera. Karagwe ina chama chake kikuu cha ushirika, KDCU, chenye makao Kayanga, na wakulima wengi hupeleka kahawa yao ya maganda kwenye vyama vya msingi.

Lakini bei ya kahawa haipangwi Kayanga. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukigawa viwango vya mauzo ya kahawa ulivunjika, na bei ya dunia ikaporomoka. Ilipanda kidogo, kisha kufikia mwaka 2001 ikawa chini kuliko ilivyowahi kuwa kwa takriban miaka 30. Miaka hiyohiyo ugonjwa wa mnyauko wa mibuni ulikuwa umeingia Kagera na kukausha miti ya robusta. Katikati ya miaka ya 2000 ukaja mnyauko wa bakteria wa migomba, unaogeuza majani kuwa ya njano na kuozesha ndizi kabla hazijakomaa. Nyumba yenye kahawa na ndizi peke yake ilipigwa pande zote mbili ndani ya miaka kumi.

Tatizo jingine halitoki mbali. Kagera wanaliita butura. Kahawa huvunwa katikati ya mwaka, lakini shida hazingoji katikati ya mwaka. Januari mtoto anahitaji sare, madaftari na mchango wa chakula shuleni. Mzazi asiye na akiba humwendea mwenye fedha na kumuuzia kahawa ikiwa bado maua au punje changa mtini, kwa bei ndogo sana kuliko itakayokuwapo wakati wa mavuno. Serikali imeipiga marufuku butura mara nyingi, lakini bado inaendelea kwa siri, kwa sababu inatatua shida ya leo.

Hesabu yake ni rahisi kuielewa. Anayeuza mavuno ya mwaka huu Januari, Julai hana cha kuuza. Januari inayofuata atauza tena, pengine miti mingi zaidi. Mwisho huuza kipande cha kibanja. Mzazi wa namna hii si mvivu. Huenda anaamka alfajiri kuliko jirani yake, ila jasho lake linaishia mfukoni mwa mtu mwingine kabla halijakauka.

Kaya 915 na safari ya kuwatafuta

Kati ya mwaka 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo cha Tiba Muhimbili walifanya Utafiti wa Afya na Maendeleo Kagera. Walichagua kaya 915 katika jamii 51 za mkoa mzima, Karagwe ikiwemo, wakati huo ikiwa bado wilaya moja na Kyerwa, ambayo ilikuja kuwa wilaya inayojitegemea mwaka 2012. Kaya hizo zilitembelewa kila baada ya miezi kadhaa. Watu waliulizwa wanakula nini, wanauza nini, nani anaumwa, nani amefariki.

Sababu ya kuanza ilikuwa UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini Tanzania waligunduliwa Kagera mwaka 1983. Mwaka 1987 uchunguzi ulionyesha kwamba mjini Bukoba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na virusi. Karagwe kiwango kilikuwa cha chini zaidi, lakini makaburi mapya yalionekana migombani huko pia. Watafiti walitaka kujua kifo cha mtu mzima kinaifanya nini familia iliyobaki.

Mwaka 2004 kazi ilirudiwa, na safari hii watafiti waliamua kumtafuta kila mtu aliyekuwa kwenye orodha ya zamani, popote alipo. Mtoto aliyekuwa na miaka saba sasa alikuwa na ishirini, ameolewa kijiji kingine, anauza duka Mwanza, au amevuka kwenda Uganda. Waliulizwa majirani, wajomba na wenyeviti wa vitongoji. Mwishowe watu wa zaidi ya asilimia 90 ya kaya zile walipatikana. Kaya 915 zilikuwa zimezaa kaya zaidi ya 2,700. Mwaka 2010 wakatafutwa tena.

Utafiti wa kawaida hupiga picha moja, ukasema maskini ni asilimia kadhaa, basi. Huu ulifuata watu walewale. Ukaonyesha kitu ambacho picha moja haiwezi kukionyesha: wakati baadhi ya watu wanatoka katika umaskini, wengine wanaingia kwa mlango mwingine.

Mtafiti Anirudh Krishna wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliyechunguza familia katika vijiji vya India, Kenya, Uganda na kwingineko, alikuta jambo hilohilo. Katika sehemu nyingi alizopita, ugonjwa na gharama za matibabu ndizo zilizotajwa zaidi na watu walioshuka. Magharibi mwa Kenya, gharama za mazishi nazo zilikuwa juu kwenye orodha.

Kinachoshusha: kifo, hasa cha mama

Hesabu za Kagera zinaumiza kuzisoma. Kaya iliyofiwa na mtu mzima ilipunguza matumizi yake kwa asilimia 7 katika miaka mitano ya kwanza baada ya msiba. Asilimia 7 inaweza kuonekana ndogo, mpaka ukumbuke kwamba katika kipindi hicho kaya nyingine zilikuwa zinapanda. Pengo kati ya waliofiwa na wastani wa wengine lilifika pointi 19 za asilimia. Na aliyefariki akiwa mwanamke, pigo lilikuwa zito zaidi.

Kwa mzazi anayesoma hili, takwimu za watoto ndizo za kukaa nazo. Mtoto aliyefiwa na mama kabla ya kukua, kwa wastani alimaliza makuzi yake akiwa mfupi kwa sentimita 2 kuliko ambavyo angekuwa, na akapoteza mwaka mzima wa masomo. Sentimita 2 ni uji ambao haukupikwa, ni homa iliyocheleweshwa kupelekwa zahanati. Mwaka mmoja wa shule ni mtoto aliyebaki nyumbani kulea wadogo zake. Alipopimwa tena akiwa mtu mzima, pengo lilikuwa bado lipo.

Nyumba nyingi za Kagera humtaja baba kama mwenye kibanja, na ni kweli mara nyingi hati au ukoo unamtaja yeye. Lakini nani anajua mbegu ya maharage imehifadhiwa wapi? Nani anajua mtoto yupi hali vizuri wiki hii? Takwimu zinasema kwa lugha yao kile ambacho bibi zetu wamekisema siku zote: mama akiondoka, nyumba hupungukiwa zaidi ya mtu mmoja.

Mjane na ardhi ya ukoo

Baba akitangulia, mara nyingi swali la kwanza baada ya matanga huwa kibanja. Kanuni za mila zilizoandikwa na Serikali mwaka 1963 zilimpa mjane nafasi ndogo katika urithi wa mumewe. Mila za Kihaya nazo zilimruhusu mwanamke aliyerithi ardhi ya ukoo kuitumia maisha yake yote, lakini si kuiuza. Matokeo yake yanajulikana: mama anarudi kwao na watoto, au anabaki kama mgeni katika shamba alilolilima miaka 20.

Kesi iliyotikisa jambo hili ilianzia Kagera. Mwaka 1988, wilayani Muleba, mwanamke mzee aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake aliona nguvu zinamwishia na hana wa kumtunza. Akaliuza kwa Sh300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Ndugu yake wa ukoo akaenda Mahakama ya Mwanzo kudai kwamba mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo, na akashinda. Mahakama ya Wilaya ikaupindua uamuzi huo. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na Februari 1990 Jaji Mwalusanya akaamua kwamba mila inayombagua mwanamke inapingana na Haki za Binadamu zilizomo katika Katiba. Kuanzia hapo mwanamke alihesabika sawa na mwanamume katika kuuza ardhi ya ukoo aliyoirithi.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ikaongeza nguvu. Inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na kwamba mila inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki hiyo ni batili.

Sheria ipo, lakini hukumu ya Mwanza haifiki yenyewe kwenye kikao cha ukoo kitongojini. Inahitaji karatasi. Hati ya haki miliki ya kimila inaweza kuandikwa majina mawili, mke na mume. Wosia unaweza kuandikwa mtu akiwa mzima. Familia nyingi hukwepa kuandika kwa sababu wosia unaonekana kama kujichulia kifo. Lakini watu wanaolipa gharama ya kukwepa huko ni watoto.

Kinachopandisha: mguu wa pili

Sasa twende kwenye nyumba yenye bati jipya. Joachim De Weerdt, mchumi aliyefanya kazi miaka mingi Bukoba na mmoja wa waliosimamia utafiti wa mwaka 2004, alirudi vijijini na kuzungumza na watu waliopanda na walioshindwa kupanda. Kilimo na biashara ndizo zilizoonekana kuwa njia kuu za kutoka.

Lakini kilimo kilichowatoa watu hakikuwa kile cha kukaa na ndizi na kahawa peke yake kama zamani. Waliopanda walichanganya. Waliendelea na kahawa, wakaongeza maharage na mahindi ya kuuza, wakafuga, wakapanda miti ya mbao. Kahawa ikianguka, maharage yanalipa ada. Migomba ikinyauka, mbuzi anauzwa. Ng'ombe anatoa samadi, samadi inanenepesha migomba, na mti uliopandwa mtoto akiwa darasa la kwanza unakuwa mbao akiwa kijana. Ni mpango wa miaka mingi, na haufanywi na mtu ambaye kila Januari anauza maua ya mibuni.

Biashara nayo mara nyingi ilianza kwa udogo. Mtu ananunua maharage kwa debe kijijini, anayapeleka Kayanga au Omurushaka, anarudi na sabuni, chumvi na mafuta ya taa. Faida ya safari kumi inakuwa baiskeli, ya baiskeli inakuwa pikipiki, na siku moja inakuwa fremu ya duka.

Jambo jingine lililojitokeza ni mbali na karibu. Katika vijiji vilivyojitenga, hata waliokuwa na mwanzo mzuri, wenye ardhi ya kutosha na elimu kiasi, wengi walikwama. Na baadhi ya walioanza na kidogo walipanda kwa sababu walikuwa na mtu nje: shangazi mjini, rafiki mfanyabiashara, kaka dereva. Huyo mtu wa nje ndiye aliyeleta habari za bei, mbegu mpya au kazi. Ndiyo maana kwa kata kama Nyakakika, barabara inayopitika msimu wa mvua ina uzito sawa na shamba lenyewe.

Kisha kuna matukio makubwa ambayo hakuna familia iliyoyapanga. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia Karagwe na Ngara kwa mamia ya maelfu. Waliochunguza kaya za Kagera walikuta kwamba tukio hilohilo liliinua wengine na kuwashusha wengine. Mkulima mwenye shamba lake alipata soko la mazao na vibarua wa bei nafuu. Kibarua asiye na shamba alikuta ujira wake unagombaniwa na bei ya chakula inapanda.

Kuondoka au kubaki

Watafiti walilinganisha watu walioanza katika nyumba moja, kwa mfano mtu na ndugu yake, mmoja amehama na mwingine amebaki. Kati ya mwaka 1991 na 2004, matumizi ya waliohama yalikua kwa pointi 36 za asilimia zaidi kuliko ya waliobaki. Walikula ugali wa chungu kimoja na kwenda shule moja, na miaka 13 baadaye mmoja ameshamzidi mwenzake mbali.

Je, maana yake kila mzazi ampakie mwanawe kwenye basi la Dar es Salaam? Takwimu za hadi mwaka 2010 zinajibu kwa utulivu. Kati ya watu waliotoka katika umaskini, karibu nusu walifanya hivyo kwa kuhamia shughuli zisizo za kilimo hapohapo vijijini au kwa kwenda katika miji midogo. Waliotoka kwa kuhamia jiji kubwa walikuwa mmoja tu kati ya saba. Waliofika jijini walipanda haraka zaidi, ni kweli, lakini walikuwa wachache.

Kwa hiyo mji mdogo usidharauliwe. Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Murongo mpakani na Uganda, hiyo ndiyo miji ambayo fundi cherehani, fundi pikipiki, muuza dawa za mifugo, mama lishe na wakala wa fedha za simu hupata riziki bila kukata mizizi. Kijana wa Nyakakika anaweza kufanya kazi Kayanga na bado akarudi Jumamosi kupalilia na kuzika.

Wapo pia wanaolalamika kwamba ndugu wa nyumbani ni mzigo. Simu ikilia kutoka kijijini, aliye Mwanza huangalia jina kabla ya kupokea. Hilo nalo limepimwa. Waliohama huwabeba ndugu waliobaki wakipatwa na shida, na msaada huo hauendi pande mbili sawa, aliyehama ndiye hutoa. Lakini gharama yake ni kati ya asilimia 3 na 5 tu ya ukuaji wa matumizi yake, kiasi kisichomzuia kupanda. Kwa aliyebaki, fedha hiyo inaweza kuwa tofauti kati ya kumpeleka mtoto hospitali ya Nyakahanga leo na kusubiri wiki ijayo.

Mambo ya kuzungumza mezani

Mzazi wa Kyerwa, wa Tabata au wa Nairobi anaweza kuona haya yote ni ya watu wa mbali. Lakini maswali yanayotoka Nyakakika yanafaa kuulizwa katika nyumba yoyote, na jioni moja inatosha kuyaanza.

La kwanza ni hili: chanzo kikuu cha fedha cha nyumba hii kikikauka mwezi ujao, cha pili ni kipi? Kama jibu ni kimya, hapo ndipo pa kuanzia, hata kwa kuku kumi au cherehani moja.

La pili: mmoja wetu akiumwa sana, fedha itatoka wapi kabla ya kuuza kitu tunachokitegemea? Chama cha kuzikana, VICOBA na bima ya afya ni vitu vitatu vyenye kazi tofauti. Cha kuzikana kinasaidia mtu akishakufa. Bima inasaidia asife. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na kila familia inapaswa kujua inaihusu vipi.

La tatu: shamba au kiwanja chetu kiko kwa jina la nani, na mama wa nyumba hii akibaki peke yake, kuna karatasi gani mkononi mwake?

La nne ni la Januari. Ada na sare si ajali, hurudi kila mwaka tarehe zilezile. Anayeweka kidogo kidogo kuanzia mavuno ya Julai haingii butura. Mwaka 2016 ada ilifutwa hadi kidato cha nne katika shule za Serikali, lakini sare, daftari na chakula bado vinamgoja mzazi, na vidogo hivyo ndivyo vilivyowauzia wengi mibuni yao.

La mwisho ni la watoto wenyewe. Mmoja akitaka kwenda na mwingine akitaka kubaki, asichekwe yeyote. Anayekwenda aagwe vizuri na kupewa namba za simu za jamaa. Anayebaki apewe ardhi na sauti, asiachiwe shamba kama adhabu ya kufeli mtihani. Kagera imeonyesha kwamba wanahitajiana: aliye mjini humkinga wa nyumbani, na wa nyumbani ndiye anayelinda mahali ambapo aliye mjini atarudi mambo yakimgeukia.

Na mambo humgeukia yeyote. Ile nyumba ya udongo iliyoinama pengine miaka 30 iliyopita ndiyo iliyokuwa na bati la kwanza kitongojini. Jirani mwenye matofali ya kuchoma akilijua hilo, hatamcheka mwenzake, na mchango wake wa chama cha kuzikana na bima ataulipa kwa wakati.